Padi ya Siyad

Kitufe cha pili kilisoma moja, na hakuna mtu aliyekigusa. Shuaib alipangusa kioo cha kompyuta kwa kiganja, kana kwamba ni vumbi la Garissa linalomdanganya. Katika programu ile ya Linux ya kupima vitufe, sifuri maana yake kitufe kimeachwa, moja maana yake kimebonywa. Padi ya gemu ilikuwa mezani peke yake, saa saba mchana.

"Nimekosea waya," alijiambia. Mkia wa padi aliukata mwenyewe, akaunga nyaya zake kwa risasi ya kuyeyusha kwenye plagi ya printa. Akaichomoa. Namba zikaendelea: moja, sifuri, moja. Ofisi yake ikaanza kunuka tope la Mto Tana.

Padi ilikuwa ya Siyad, mdogo wake, aliyechukuliwa na mafuriko mwaka juzi. Kwao, vitu vya marehemu hutolewa sadaka mapema. Kanzu, viatu, saa, vyote vilikwenda. Padi tu ndiyo Shuaib aliificha, akisema nani atapokea mchezo? Majuto ni mjukuu. Hakulia siku ile wala baadaye, maana moyo ulikuwa umekufa ganzi.

Kosa la pili lilikuwa kumwambia mama yake, Rukiyo. Mama alikuja akakaa mbele ya kioo, na siku ya tatu alikuwa bado hapo, hali, hanywi, anatazama namba.

"Mwanangu ananiongelesha," alinong'ona.

Shuaib aliona mifupa ya mashavu yake ikitokeza, akaogopa kwamba atamzika na huyu. Akamwita Maalim Korane.

Maalim alisomea maji akanyunyiza, na kadiri alivyosoma ndivyo namba zilivyokimbia na harufu ya tope ilivyozidi, na feni ikasimama huku taa ikiwaka, na kitu kisichoonekana kikaanza kuhema katikati yao kama mtu aliyeopolewa majini, mpaka Maalim mwenyewe akarudi nyuma akagusa ukuta.

"Siyad yuko kwa Mola wake," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu ni karini, jini aliyezaliwa naye. Haendi kwa sababu kitu cha mwenzake bado mnacho. Kitoeni sadaka sasa hivi. Mtu akikipokea kwa hiari, hapa patatulia."

"Wallahi, nani atapokea, Maalim?"

Maalim alitazama mikono yake, akaificha ndani ya kanzu.

"Nipe mimi," Rukiyo akasema. "Mimi ni maskini. Nimefiwa."

"Hooyo, mama yangu, hapana," Shuaib alisema.

"Nipe, mwanangu."

Shuaib alijua hakupaswa kutoa, maana padi ingebaki kwao vilevile. Lakini alichoka, na alitaka mama yake ale tu, alale. Akampa.

Namba zote zikawa sifuri. Feni ikazunguka. Maalim akasema alhamdulillahi, akaondoka upesi bila hata kusubiri chai. Rukiyo yeye aliomba chai ya maziwa ya ngamia, akanywa kikombe kizima, kisha akamwangalia Shuaib kwa upole.

"Ndugu yangu," alisema, "siku ile mtoni, mbona uliniachia mkono?"

Habari ya mkono Shuaib hakuwa amemwambia mtu yeyote. Alichukua kikombe, akaenda kukisuuza.