Jengo Namba Tisa

—Jengo namba tisa liko wapi?

Menglan aliuliza kwa sauti ya chini, maana ukumbi ulikuwa umejaa wageni wa kampuni. Mbele yake, juu ya meza kubwa, ulikuwepo mfano wa mji mpya: maduka chini, nyumba juu, shule, zahanati, soko, na vijiti vya kijani badala ya miti. Alikuwa ameuzunguka mara tatu.

Zhongyu, mchumba wake na mchoraji mkuu wa ramani za mradi, hakumtazama.

—Limehamishwa.

—Limehamishiwa wapi?

Zhongyu akanyoosha kidole nje ya meza kabisa. Akamweleza taratibu, kama mtu anayeongea na mteja, kwamba watu wa Hetang watajengewa ng'ambo ya barabara kuu, jirani na tanuri la kuchomea taka za jiji. Pale pa jengo namba tisa patachimbwa bwawa la mapambo.

Menglan alikuwa mzaliwa wa kijiji cha Hetang, pembezoni mwa Changsha, jiji la China lililokuwa likimeza mashamba mwaka hadi mwaka. Ni yeye aliyepita nyumba arobaini na mbili kwa niaba ya kampuni, ramani kwapani, akiwaapia majirani kwamba hakuna atakayeondolewa, wote watapewa nyumba katika jengo namba tisa, palepale kijijini. Utashuka ngazi tu, aliwaambia, ufungue duka lako, na mwanao aende shule kwa miguu. Aliyegoma hadi mwisho alikuwa baba yake mzazi, mzee Qiu, mtengeneza tofu, ile jibini ya maharage ya soya. Aligoma miezi minane. Siku alipolegea aliuliza jambo moja tu, kama dirisha la duka litatazama upande alikozikwa mkewe. Menglan akasema litatazama. Mzee akachovya dole gumba kwenye wino mwekundu, akaligandamiza kwenye mkataba.

—Ulijua lini, Zhongyu?

—Tangu mwanzo.

—Yaani kabla hujaja kwetu, ukala chakula chetu, ukamwita baba yangu baba?

Zhongyu akanyoosha tai yake.

—Ndiyo maana nilikuja. Kampuni ilituma watu watatu kabla yangu, mzee wako akawafungulia mbwa.

Menglan alitaka kuuliza kama na mapenzi yao nayo yalichorwa ofisini. Zhongyu akajibu bila kuulizwa.

—Nakupenda, Lan. Mapenzi ni mapenzi na kazi ni kazi. Tumetengewa nyumba ghorofa ya kumi na nne, inatazama bwawa. Jumamosi nakuja na mama kuposa rasmi. Usituharibie.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Alipofika kwake alikuta ujumbe wa baba: «Nimenunua soya za kutosha kijiji kizima. Mkwe anapenda tofu ya kukaanga au ya mchuzi?» Menglan akaanza kuandika ukweli, akafuta. Akaandika tena, akafuta tena. Mwisho akajibu: «Ya kukaanga.»

Jumamosi ua wa mzee Qiu ulijaa meza. Zhongyu alikuja na mama yake, wamebeba chai, sigara na pombe kali, vyote vimefungwa kwa karatasi nyekundu. Mzee akammiminia mkwe, akasimama na kikombe chake. Alisema maisha yake yote ameogopa karatasi, ila safari hii karatasi imeletwa na damu yake, na damu haimuuzi mtu.

Hapo Menglan akashindwa kuvumilia.

—Baba, usinywe. Zhongyu, waambie jengo namba tisa liko wapi.

Zhongyu hakuona haya, na hilo ndilo lililomchoma Menglan zaidi. Akainuka kwa adabu, akawaambia jengo limehamishwa ng'ambo ya barabara, na kwamba kifungu cha saba cha mkataba kinairuhusu kampuni kufanya hivyo. Wote arobaini na wawili walikuwa wamekitilia dole gumba.

—Tena aliyewasomea ni Menglan, akasema. Mimi sikumshika mtu mkono.

Ilikuwa kweli. Alipofika kifungu cha saba, Menglan aliwaambia hiyo ni lugha ya wanasheria tu, akafunua ukurasa.

Shangazi yake, Guizhen, aliweka bakuli chini.

—Wewe ulijua lini?

—Jumanne, shangazi.

—Na jana, nilipokuwa nakupimia gauni, ulikuwa unajua?

Watu wakaanza kuondoka, meza moja baada ya nyingine. Mama Zhongyu alikusanya maboksi yake ya chai. Menglan alivua pete ya uchumba akamrudishia Zhongyu. Naye akaipokea, akaifuta kwa leso, akaitia mfukoni.

Walipobaki wawili, Menglan alipiga magoti. Akamwambia baba yake kwamba naye alidanganywa, kwamba yule mwanamume ni nyoka.

—Yule simjui, mzee akasema. Wale watatu walileta karatasi ileile, nikawafukuza. Dole langu sikumpa yeye. Nilikupa wewe.

Wanakijiji walienda mahakamani wakashindwa. Matingatinga yalikuja baada ya majira ya baridi, na mifupa ya mama yake Menglan ikafukuliwa, ikabebwa ndani ya mtungi. Menglan aliacha kazi, akawafuata ng'ambo ya barabara, akapanga chumba kwenye ghorofa lilelile lenye harufu ya moshi. Kwenye ngazi hakuna aliyemwamkia. Kila asubuhi alibisha mlango wa baba yake, na kila asubuhi mlango haukufunguliwa.

Mwaka wa pili, siku moja, ukafunguliwa. Moyo wa Menglan uliruka. Mzee alimvutia kiti kizuri kuliko vyote, akampa chai kwa mikono miwili, kama mgeni aliyetoka serikalini.

—Karibu, mtaalamu, akasema. Leo umetuletea ramani gani?