Nyenze wa Jiwe la Jade

Nyenze alianza kulia jikoni Jumamosi asubuhi, mwezi wa pili, theluji ikiwa imejaa hadi kwenye dirisha. Kahindo alizima redio. Nyenze akaendelea.

"Papa Aida, huku kuna nyenze wakati wa baridi?" alimuuliza mumewe.

Norbert alifuata sauti hadi kwenye koti lake la kazi. Kazi yake ilikuwa kuondoa vyombo katika nyumba za marehemu mjini Stockholm, na jana yake warithi wa mzee mmoja walimwambia achukue apendacho kwenye takataka. Alichukua jiwe la jade, la kijani, lenye urefu wa kidole gumba, lililochongwa umbo la nyenze aliyekunja mabawa. Alipolitoa mfukoni, sauti ilikatika. Jiwe lilikuwa limelowa, na lilinuka kama mdomo wa mgonjwa wa siku nyingi.

Aliliweka mezani, akampelekea picha Axel, dereva wao wa kazini, mpenda vitu vya kale. Axel alipiga simu papo hapo.

"Hilo Wachina wa kale walimwekea maiti ulimini. Nyenze hukaa ardhini miaka, kisha hutoka akiwa hai. Walitaka marehemu naye atoke. Mikononi walimshikisha nguruwe wawili wa jade, asiende mikono mitupu. Usikae nalo nyumbani."

Norbert aligeuka. Aida, binti yao wa miaka saba, alikuwa mezani, shavu limetuna.

"Tema! Aida, tema!"

Kahindo alimtia vidole mdomoni. Ndani ya mdomo mlikuwa na baridi. Meno yalikuwepo, ulimi ulikuwepo, jiwe halikuwepo.

Hospitali walimpiga picha ya tumbo na kifua, wasione kitu. Mtoto ni mzima, walisema, mrudisheni nyumbani.

Jumapili, Pasta Évariste alikuja nyumbani kwao Vårby gård moja kwa moja kutoka ibadani, akaomba hadi shati likamganda mgongoni, na wakati wote huo Aida alimtazama kwa subira ya mtu mzima, harufu ya udongo uliochimbuliwa ikijaa sebuleni, mpaka akafumbua mdomo akasema kwa sauti ya kizee, polepole, katika lugha ambayo hakuna aliyeijua, kisha akanyoosha viganja vyote viwili, akangoja kupewa.

"Nguruwe," Norbert alinong'ona. "Anataka nguruwe wake."

Pasta alifunga Biblia. "Mama Aida, nisamehe. Sijui jina la huyu aliye ndani yake. Na ninachomwambia, haelewi."

Alhamisi, Kahindo alikuwa akimlisha Aida uji. Midomo ilipoachana kupokea kijiko, kutoka ndani kabisa, mbali, ilisikika sauti ya Aida mwenyewe, kwa Kiswidi, kama alivyozoea kumjibu mama yake:

"Mamma, det är trångt." Mama, hapa pamebana.

Midomo ikafunga. Uji ukamezwa.

Kahindo alijaza kijiko tena, akakipeleka mdomoni haraka. Kisha kingine, akitega sikio kila midomo ilipofunguka. Bakuli lilipokwisha, alimwita Norbert apike uji zaidi.