Wastaafu Waliokataa Kufa

Kwa jinsi Mama Cherehani alivyosimulia, na alimsimulia kila aliyepita chini ya dirisha lake, aliyechoma ofisi ya bima ni yule dada mrefu wa ghorofa ya pili. Ilikuwa Jumapili, saa nane mchana, barabara tupu, yeye kakaa anapinda suruali ya mteja. Akamwona mtu anashuka ngazi za nje, zile za nyuma ya jengo zinazotazamana na dirisha lake. Kavaa sweta la kijani lenye kofia, kofia kaishusha mpaka machoni, mkono haubanduki kwenye chuma cha ngazi, anateremka kidato kimoja kimoja kama aliyebeba trei ya mayai. Kufumba na kufumbua, moshi.

"Uso uliuona?" Inspekta alimuuliza Jumatatu asubuhi. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini inayomfanya mtu asogee karibu bila kupenda.

"Uso wa nini, Afande? Sweta lile nalijua. Kiwiko chake nilikishona mimi."

Nyuma yake, kitandani, mama yake mzazi alikuwa anakunywa uji. Bibi huyo alikuwa muuguzi mstaafu, mkongwe kuliko jengo lenyewe, na kila asubuhi alimpungia mkono dada mrefu wa ng'ambo.

Chumba kilichoungua kilikuwa cha wakadiriaji, wale wanaopiga hesabu za bima: mwaka huu watakufa watu wangapi, zitaungua nyumba ngapi, mstaafu ataishi mpaka lini ili pensheni yake itoshe. Walikuwa wawili tu. Mkubwa wao aliitwa Mwalimu, kwa kuwa nusu ya ofisi ilijifunza kazi kwake. Wa pili ndiye huyo dada mrefu. Wenzake walimbandika jina la Dada Vifo, naye akalivaa kama vazi la sikukuu. Mtu akimuuliza habari za leo, alijibu, "Wachache kuliko nilivyotarajia."

Leo mwanzoni hakutania. Alisimama mlangoni akitazama dari lililoanguka juu ya meza mbili. Kompyuta yake ilikuwa imeyeyuka ikawa kama ugali mweusi. Ya Mwalimu vilevile. Kiti alichokuwa akitundika sweta lake, kwa sababu ya ubaridi wa kiyoyozi, kilibaki mifupa. Sweta lenyewe polisi walilikuta kwenye pipa la taka chini ya ngazi.

Mkurugenzi alimvuta pembeni. "Dada, tusipelekane mbali. Andika kwamba umeacha kazi kwa hiari yako. Polisi niachie mimi."

"Nikiacha leo, moto umeshakuwa wangu."

"Bodi inakutana kesho. Wakikukuta hapa watasemaje?"

"Watasema nimewahi kazini."

Mkurugenzi alishusha pumzi. Hakuwa na hamu ya kumwona mbele ya bodi, na kila mtu alijua. Kesho yake Dada Vifo alikuwa asimame kuwaeleza kwamba wastaafu wa kampuni wanaishi miaka mingi kuliko jedwali la vifo linavyosema. Jedwali hilo Mwalimu alilitengeneza ujanani, na mpaka leo ndilo linalopanga kila pensheni. Kampuni isipoongeza akiba mapema, wazee watafika mahali wakute mfuko mtupu. Kazi yote hiyo aliifanya kwenye kompyuta ile moja, bila nakala, kwa amri ya ofisi, kwa sababu habari za afya za watu hazitakiwi kuzagaa.

Inspekta aliwakusanya katika chumba cha mikutano. Chai ililetwa. Mwalimu alijimiminia kwenye kikombe chake cha bati chenye ukingo wa buluu, akakaa karibu na Dada Vifo, akampapasa bega. "Vumilia, mwanangu. Haya nayo yatapita."

"Ngazi za nyuma zina mlango wa chuma," Inspekta alianza. "Haukuvunjwa. Funguo wanazo akina nani?"

"Mimi, hawa wawili wa hesabu, na Mlinzi," alisema Mkurugenzi.

Mlinzi ndiye aliyeulizwa kwanza. Jumapili alikuwa lango la mbele tangu asubuhi, redio sikioni, anasikiliza mpira.

"Unavuta sigara?"

"Niliacha, Afande. Mke wangu alinipa nichague, yeye au sigara."

"Ukamchagua yeye."

"Sigara hazijui kupika."

Mkurugenzi alipoulizwa alilegeza tai. Alikuwa ukweni kutwa nzima, kakaa uso kwa uso na baba mkwe. "Hata kwenda msalani niliona haya. Mpigie simu mzee umuulize." Inspekta alipiga palepale. Mzee alithibitisha, akaongeza kwamba mkwe wake anakula sana.

"Mwalimu?"

"Mimi na goti hili, Afande?" Alilisugua. "Niliondoka Ijumaa saa kumi, nikajilaza mpaka leo asubuhi. Sijakanyaga hapa."

"Na wewe, dada?"

"Nyumbani, nafua."

"Nani alikuona?"

"Nguo."

Mkurugenzi aliguna. Inspekta hakucheka. "Unajibu kama mtu asiyeogopa."

"Naogopa, Afande. Nimesoma kwa shida mpaka nikafika kwenye kiti kile, na hakuna kampuni itakayompa kiti mtu aliyetajwa kuchoma ofisi. Lakini nikiinamisha kichwa mtasema ndiye."

"Basi nisaidie. Nyinyi hulipa watu waliounguliwa. Mnajuaje kama moto ni wa bahati mbaya au wa kuwashwa?"

Dada Vifo alijibu bila kufikiri, maana hilo ndilo somo alilopewa wiki yake ya kwanza kazini. "Hatuanzi na kilichoungua. Tunauliza ni nini kilichokuwa lazima kiungue na hakikuungua. Mtu anayechoma nyumba yake huacha makochi na kabati viungue. Lakini picha ya mama yake utaikuta kwa jirani. Mkono unakataa kuichoma."

Macho yake yalitua juu ya meza.

Kikombe cha bati. Kilikuwa cha marehemu mke wa Mwalimu. Miaka yote kilikaa kwenye kona ya meza yake, na mtu akitaka kukisogeza Mwalimu alimwambia, "Kiache. Mimi nacho tutatoka chumba hiki siku moja."

"Mwalimu," aliita polepole, "Ijumaa uliondoka kabla yangu."

"Ndiyo, mwanangu. Goti lilikuwa linanila."

"Ulibeba nini?"

"Mwavuli tu. Hata Mlinzi aliniona."

"Mwavuli tu," Mlinzi aliitikia. "Nilimtania kuwa mvua yenyewe hakuna."

"Ulipotoka nilikusanya vyombo nikaviosha. Kikombe hicho nilikifuta, nikakifudikiza kwenye meza yako, nikafunga mlango. Meza imekuwa majivu. Kikombe hiki hapa, hata moshi hakina."

Mwalimu alitazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Mzee," Inspekta alisema, "uliniambia hujakanyaga hapa tangu Ijumaa. Na mtu wa Jumapili alishuka kidato kimoja kimoja, kashika chuma. Huyu dada nimemwona asubuhi akiruka vidato viwili viwili."

Mwalimu alikiweka kikombe mezani, taratibu, kisitoe sauti.

"Nastaafu mwezi ujao," alisema mwishowe. "Ukumbi umeshakodiwa. Jedwali lile walilisifu wakubwa mbele ya baba yangu, naye hata kusoma hakujua, akalia. Sasa kesho asimame mtoto niliyemfundisha mwenyewe, aseme Mwalimu alikosea tangu mwanzo, na wazee watakosa kula kwa sababu yangu. Nilitaka nimalize ule mwezi tu."

"Na sweta langu?"

"Nilificha uso. Basi. Sikujua kuna mtu anayelijua."

"Hilo nakubali." Sauti ya Dada Vifo ilikwaruza. "Lakini asubuhi ulisikia natajwa. Ulikaa karibu yangu, ukanipapasa bega, ukaniambia nivumilie. Ningefungwa, ungeniletea chai kwenye kikombe hicho?"

Mwalimu alikisukuma kikombe mbali naye.

Mkurugenzi alikohoa. "Pole sana, dada. Yale ya asubuhi tuyasahau. Ila kwa kuwa kazi yako imeshaungua, bodi kesho tuwaambie wasubiri. Hata mwaka mmoja hivi."

"Iliyoungua ni kompyuta, Mkurugenzi. Wastaafu hawajaungua. Bibi wa pale dirishani, kwa jedwali hili, alikufa zamani na tukamzika. Leo asubuhi kanipungia mkono, anakunywa uji. Wamekataa kufa kwa ratiba yetu, na mimi nimekataa kuacha kazi. Kesho nitasimama kwa mdomo mtupu. Hesabu nitaianza upya leo."

Aliinuka, akauvuta ubao mweupe uliokuwa pembeni, akafuta maandishi ya kikao kilichopita kwa kiganja.

Inspekta alimshika Mwalimu kiwiko, wakaelekea mlangoni. Kwenye ngazi zilizo mbele ya mlango huo mzee alisimama, mkono kwenye chuma, akageuka. Kikombe kilibaki mezani.

"Mwanangu, nakuomba kitu kimoja. Kesho ukiwaeleza, sema jedwali ni la zamani, limepitwa na wakati. Usiseme ni langu."

Dada Vifo alikuwa amewapa mgongo. Alifungua kalamu, akajaribu wino wake kwenye kona ya ubao. Inspekta alisubiri. Mwalimu naye alisubiri, mguu mmoja kidato cha juu, mwingine kidato cha chini.

Kalamu ilianza kuandika.