Krimu ya Fundi Nyooka

Fundi Nyooka alishona suti. Mtaani walimpa jina hilo kwa sababu ya pasi yake. Hakuna mkunjo uliomshinda. Nyumbani pia alipenda kunyoosha watu.

"Ngozi yako usiichezee," alimwambia binti yake Kitinda kila asubuhi. "Mafuta ya kawaida yanatosha."

Lakini nyuma ya kopo la vifungo alificha tyubu ya krimu. Alianza kuipaka kwa sababu ya upele shavuni. Upele uliondoka upesi, na uso ukawa mweupe. Wateja wakamsifu, naye akavimba kichwa. Akaendelea kupaka, mwezi baada ya mwezi.

Sasa mashavu yaliwaka moto juani. Siku moja kitambaa kilimgusa tu, ngozi ikachubuka. Akaenda zahanati, Kitinda akamsindikiza.

"Unapaka nini usoni?" nesi aliuliza.

"Sipaki kitu, dada. Ni mvuke wa pasi."

"Mvuke gani huo unaochagua mashavu? Hebu niambie, mkasi wako mkubwa unakaa wapi?"

"Kwenye droo. Hautoki mpaka vipimo vije. Ukiachwa mezani, mtu atakata kitambaa ovyo."

"Basi na seli za ngozi yako hufanya hivyo. Ndani ya seli kuna kiini. Humo mna maagizo ya kujenga ngozi. Kuna protini inayoweza kuyawasha maagizo hayo au kuyazima. Seli huishikilia nje ya kiini, kwenye ute wake, kama mkasi wako kwenye droo. Homoni ya mwili ikija, protini huachiliwa. Huingia kwenye kiini na kufanya kazi. Krimu yako ina dawa inayofanana na homoni hiyo."

"Kwani mimi nimesema napaka krimu?"

"Uso wako umesema. Ukipaka kila siku, protini huingia kila siku. Upele hutulia, ndiyo. Lakini maagizo ya kutengeneza nyuzi za ngozi nayo huzimwa. Ngozi huwa nyembamba."

Kitinda aliinamisha kichwa. "Baba, ile tyubu ya kwenye vifungo... Na mimi huwa naichota. Niliona unang'aa."

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliona aibu kumtazama mwanawe.

"Nimekudanganya, dada," alimwambia nesi. "Nimemdanganya na huyu. Mwangalie yeye kwanza."

"Aibu haitibu ngozi," nesi alisema. "Baba, wewe usiache ghafla, uso utawaka zaidi. Daktari atakupangia namna ya kupunguza. Binti naye tutampima."

Miezi ilipita. Mashavu ya Fundi yalipoa, na rangi yake ikarudi.

"Fundi, ule weupe umeuuza?" mteja mmoja alimtania.

Karakana nzima ilicheka. Fundi aliona haya, lakini alijibu.

"Haukuwa wangu. Ulikuwa wa krimu, na ulimponza mwanangu."

Kitinda aliinua kichwa, akamtazama baba yake. Vipimo vya mteja vilikuwa mezani. Fundi akafungua droo, akampa binti yake mkasi mkubwa.

"Kata wewe leo, mama."