Ugonjwa Usiosubiri Arobaini

Kila asubuhi Bi Zuhra huamka kabla ya wengine. Tangu Safina, mke wa mwanawe, ajifungue, kazi zimeongezeka. Huchemsha maji ya kumkanda mzazi. Hupika uji wa pilipili manga na mchuzi wa samaki wa migebuka. Humwogesha mtoto, kisha humpeleka kwa mama yake anyonye. Akishanyonya, humchukua tena. Majirani hapa Ujiji wanasema wangependa kuolewa kwa Bi Zuhra, hata waliokwisha kuolewa.

Kwa siku arobaini Safina hana kazi ila kupumzika. Lakini hapumziki. Mtoto akilala, yeye hukaa macho. Mchuzi hurudi jikoni umeganda. Mumewe, Abeid, anayeuza dagaa soko la Mwanga, aliona hayo akamweleza mama yake. Bi Zuhra alimjibu kuwa ni uchovu wa uzazi. Arobaini ikitimia, utaisha.

Siku ya ishirini na nane, Bi Zuhra alimpeleka mtoto kliniki peke yake. Muuguzi alimpima uzito, akakuta umeongezeka kidogo mno. Akawaelekeza kwa Daktari Honorata. Huyu ni daktari wa magonjwa ya akili. Anafanya utafiti kuhusu afya ya akili ya wanawake wajawazito na waliojifungua. Alikuwa na maswali kumi kwa kila mzazi.

Bi Zuhra alieleza kuwa mzazi yuko ndani, bado siku kumi na mbili, na kwamba maswali atayajibu yeye. Analala? Analala. Anakula? Anakula vizuri. Ana furaha? Anayo, kwa nini asiwe nayo?

"Mama, sikuandika hata jibu moja," Honorata alisema. "Wewe unajua ulichompakulia. Alichokula anakijua yeye."

Bi Zuhra aliukumbuka mchuzi ulioganda. Akamwambia daktari waende nyumbani.

Walipofika, Honorata aliomba kuzungumza na Safina faraghani. Bi Zuhra hakupenda.

"Nitoke niende wapi? Hii si nyumba yangu?"

"Ni yako, mama. Lakini mbele ya mama mkwe, hata mboga iliyozidi chumvi huwa tamu."

Bi Zuhra alicheka, akatoka uani.

Mwanzoni Safina alijibu kila swali kuwa ni salama, kama mtu anayejibu salamu. Honorata hakumharakisha. Alirudia maswali taratibu, hadi la kumi: je, umewahi kuwaza kujidhuru?

Safina alitazama ukuta.

"Nimewaza," alisema. "Mara nyingi. Mama anamlea vizuri kuliko mimi. Nikiondoka, mtoto hatapungukiwa na kitu."

Honorata alimshukuru kwa kusema. Akamwomba ruhusa ya kuwaeleza mumewe na mama mkwe. Safina alikubali. Abeid akaitwa kutoka sokoni.

Daktari aliwaambia kuwa ugonjwa huo unaitwa sonona, huzuni nzito isiyoondoka yenyewe. Huweza kumpata mwanamke yeyote wakati wa ujauzito au baada ya kujifungua. Si uvivu, na si kukosa mapenzi kwa mtoto. Abeid aliuliza kama mkewe amerogwa. Honorata alimjibu kuwa huu ni ugonjwa kama malaria, na una tiba.

"Kwa hiyo nimekosea kumtunza?" Bi Zuhra aliuliza.

"Hapana, mama. Chakula na maji ya moto endelea navyo. Kosa ni kusubiri. Ugonjwa huu hauhesabu siku. Na mtoto usimchukue haraka. Mwache kwa mama yake, nawe kaa nao."

Mwenye mawazo ya kujidhuru, alisema, haachwi peke yake, na hupelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Abeid alimtazama mama yake. Arobaini haikuwa imetimia. Bi Zuhra aliingia ndani, akatoa khanga yake mpya, akamfunika Safina. Wakaondoka wote.

Safina alipata ushauri nasaha kila wiki. Alipewa pia dawa, ambayo daktari aliichagua akijua kuwa ananyonyesha. Wiki ya pili Abeid hakuona mabadiliko, akataka aiache. Honorata alimkataza. Dawa hii huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na haiachwi bila kumwuliza daktari. Wiki ya sita Safina alikuwa analala. Uzito wa mtoto ulikuwa unapanda.

Wiki ya kumi, Bi Zuhra alikuwa uani akimwogesha mtoto. Safina alitoka, akasimama, akatazama.

"Mama, unamsugua mtoto kama sufuria. Nipe mwanangu."

Bi Zuhra alimpa. Akajifuta mikono, akaenda jikoni. Abeid alimkuta huko akicheka peke yake, machozi yakimtoka.

"Mkeo leo amenigombeza," alisema. "Alhamdulillahi."