Barua ya Ketsia na Nafasi Mbili za Staji

Asubuhi moja Ketsia alikuwa akigeuza ndagala, dagaa wa ziwani, juu ya chanja. Mgeni akasimama mbele ya uwanja wao, pale mjini Baraka. Alikuwa msichana wa umri wake. Matope yalimfika magotini, na viatu alivishika mkononi.

"Hodi hapa. Jambo, dada."

"Jambo. Karibu."

"Jina langu Marthe. Mi niko natoka Lubondja. Nilitembea siku mbili. Natafuta nyumba ya Solange, ule wa maji."

Jina hilo lilimchoma Ketsia kama mwiba wa samaki kooni. Nyumba ya Solange ilikuwa hatua thelathini tu kutoka pale. Yeye na Solange walikalia dawati moja shuleni. Ketsia alikuwa akipata asilimia sabini na nne. Solange alikuwa akivuka kwa hamsini na tatu. Hata hivyo, mwaka uliopita ni Solange aliyeitwa kwenye staji ya Mradi wa Maji, kujifunza kazi kwa miezi sita. Alipomaliza walimwajiri. Kila asubuhi alipita njiani na gilè yake ya bluu, kizibao cha kazi cha Mradi, na Ketsia, mwenye diploma yake sandukuni, alikuwa hapo hapo na ndagala. Hakumsalimu tena vizuri. Kwa majirani alisema, "Yule alipitia kwa mjomba wake."

"Unamtakia nini?" akamuuliza mgeni.

"Kwani hamujasikia? Mradi iko natafuta tena bantu babili ba staji. Mwisho ya barua ni Ijumaa saa sita. Banasema Solange anafundisha bantu namna ya kuomba."

Ketsia akaacha kugeuza ndagala. Nafasi mbili! Na Solange hakumwambia! Halafu huyu wa Lubondja, mwenye matope, alikuwa amekuja kuchukua moja.

"Solange hayuko," akasema. "Alihamia Mboko."

Uso wa Marthe ukasawijika. Akaomba maji ya kunywa. Mama yake Ketsia, Mama Immaculée, akatoka ndani na kikombe, akamwonyesha mgeni kigoda apumzike. Kabla kikombe hakijaisha, Solange mwenyewe akatokea njiani na gilè yake, akiimba.

"Ni yeye huyu?" Marthe akauliza. "Solange wa maji? Lakini dada alisema ulihama!"

Solange akamtazama Ketsia. Ketsia akainamia ndagala.

"Nilikuwa nimehama kidogo," Solange akasema. "Sasa nimerudi. Karibuni kwangu wote wawili. Zakaria, mwenzangu wa Mradi, anakuja saa kumi."

Ketsia hakutaka kwenda. Lakini nafasi zilikuwa mbili, na aibu ilikuwa moja. Akaenda.

* * *

Ulikuwa mwaka wa 2004. Wakubwa walikuwa wametia saini mapatano ya amani, lakini katika eneo lao la Fizi watu bado walitembea barabarani kwa makundi, kwa hofu. Wengi walikuwa wanarudi Baraka kutoka ng'ambo ya ziwa walikokimbilia vita. Walijenga kwa haraka, wakanywa maji ya ziwa, na kila mvua ilileta kolera, ugonjwa wa kipindupindu. Ndiyo sababu Mradi wa Maji ulihitaji vijana wa kupima maji, kutia kloro na kuelimisha familia.

Zakaria alikuwa amefanya staji mwaka mmoja kabla ya Solange, akabaki kazini. Alikuwa mtoto wa wavuvi, mrefu, mwenye maneno mengi.

"Kwanza, tangazo mulisoma?" akauliza.

"Niliambiwa tu," Ketsia akajibu.

"Basi mufike kwenye biro, ofisini kwa Mradi, musome wenyewe. Mara mbili. Mwaka jana walisema muandike ukurasa mmoja. Mtu mmoja alileta kurasa tisa na picha ya ubatizo. Wallahi, nilimuona kwa macho yangu."

Marthe alicheka mpaka akaziba mdomo. Ketsia hakucheka.

"Pili," Solange akasema, "usiende kwa Papa Alphonse."

Papa Alphonse alikuwa mzee mwenye mashine ya kuandikia watu barua, pale sokoni. Tangu zamani, mtu wa Baraka akitaka kuomba kitu kwa wakubwa, alikaa mbele ya mashine hiyo. Ilionekana ni heshima. Barua ya mkono ilikuwa kama kwenda kanisani bila viatu.

"Mwaka jana zilikuja barua sitini," Zakaria akasema. "Mimi nilikuwa nazipanga. Arobaini zilikuwa barua moja! 'Nina heshima kubwa isiyo na kipimo kufika mbele ya wema wako mkuu.' Mkuu wetu, Papa Eugène, alifika ya kumi akaweka miwani mezani. Alisema, 'Wema wangu nimeujua. Sasa nani ataniambia yeye anajua nini?'"

"Andika kazi ulizofanya kwa mikono yako," Solange akasema. "Wapi, lini, na nini kilibadilika. Halafu weka jina la shahidi. Si mtu mkubwa. Mtu aliyekuona ukifanya."

Ketsia alisikiliza midomo ikiwa imekazwa. Moyoni alisema: wanataka nipeleke barua mbaya, nionekane mshamba. Kama kweli ilikuwa rahisi hivyo, Solange angenifichulia siri yake?

Marthe yeye aliuliza hiki na kile. Kifaransa chake kilikuwa cha kuokota okota. Alikuwa amesoma miaka minne tu ya sekondari, halafu vita vikafunga shule. Ketsia alimpima na kuona kwamba huyu hawezi kupita. Wazo hilo likamtuliza.

Walipotoka, Marthe akasema, "Tatizo yangu ni moja. Baraka sina ndugu. Hata nikipita, nitalala wapi miezi sita?"

"Ukipita, utalala kwetu," Ketsia akasema. "Kitanda changu ni kipana."

Neno zuri halikumgharimu kitu, kwa sababu hakuamini kwamba siku hiyo ingefika.

"Unaahidi?"

"Naahidi."

Marthe akamshika mikono yote miwili.

* * *

Alhamisi Ketsia alikwenda moja kwa moja kwa Papa Alphonse. Watu saba walikuwa kwenye mstari. Mashine ililia ta-ta-ta kama mvua juu ya bati. Mzee alichapa haraka, bila hata kuangalia vidole vyake.

"Chukua, binti yangu. Barua ya kitajiri hii!"

Ketsia akaisoma njiani. Heshima isiyo na kipimo ilikuwepo. Wema mkuu ulikuwepo. Akafika katikati, akasimama kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Mimi, baba wa watoto wanne..."

Akarudi mbio. "Papa Alphonse! Mimi ni baba wa nani?"

Mzee akavaa miwani. "Ah! Hiyo sehemu ni ya Henri wa kivukoni. Ngoja, nitaweka mama."

"Mimi sina mtoto!"

"Basi nitatoa watoto. Maneno mengine yote ni sawa."

Waliokuwa kwenye mstari wakacheka. "Baba Ketsia, salimia batoto!" kijana mmoja akamtania. Ketsia alitaka kulia, lakini kicheko kilimtoka kabla ya machozi. Aliziangalia karatasi mikononi mwa wale waliotangulia. Mstari wa kwanza ulikuwa uleule. Wa pili uleule. Zakaria hakuwa amedanganya.

Jioni ilipokaribia, alisimama mlangoni kwa Solange. Safari hii alipiga hodi.

"Nisaidie," akasema. Neno lilikuwa zito kulitoa. "Sina cha kuandika. Sijafanya kazi yoyote. Nimekausha ndagala tu."

Solange akaweka chini sombe, majani ya muhogo aliyokuwa akitwanga. "Hujafanya kazi? Kule porini nani alinipiga na mwiko?"

Ketsia akakumbuka. Vita vilipowafukuza, familia zao zilijificha pamoja milimani, watu arobaini kwenye chemchemi moja. Ketsia alikuwa na miaka kumi na saba. Aliona watu wanafua na kuogesha watoto palepale wanapochota. Akapanga mawe. Juu, maji ya kunywa. Katikati, vyombo. Chini kabisa, nguo. Mtu aliyekosea alionja mwiko wake.

"Hiyo ni kazi?" akauliza. "Hiyo ilikuwa ugomvi tu."

"Miezi miwili, watu arobaini, hakuna hata mmoja aliyeshikwa na kolera. Kambi ya jirani walizika kila juma. Ketsia, hiyo ndiyo kazi tunayofanya kwenye Mradi! Mimi unajua niliandika nini mwaka jana? Niliandika kwamba nilibeba maji ya wazee kule porini, kutoka kwenye mawe yaliyopangwa na rafiki yangu. Niliweka jina lako. Papa Eugène aliniuliza, 'Huyu Ketsia mbona haji?'"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuja mara tatu. Ulikuwa unaingia ndani ukiniona."

Ilikuwa kweli. Ketsia alizitazama kuta, kisha mikono yake yenye harufu ya samaki. Mwaka mzima alikuwa amelilia nafasi ya mwenzake, na mlango wake ulikuwa umefungwa kwa mkono wake mwenyewe.

"Na mjomba wako?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Mjomba wangu yuko Kigoma tangu mwaka wa tisini na nane. Hata barua hanitumii." Solange akacheka. "Haya, chukua kalamu. Andika kama unavyoongea. Shahidi weka Mama Constance muuguzi, alikuwa pale. Na siku wakikuuliza jambo usilolijua, sema hulijui. Usibuni. Maji yakipimwa kwa kubuni, watu wanakufa."

Ketsia aliandika kwa mkono, ukurasa mmoja. Ijumaa saa nne alifika kwenye biro na bahasha yake. Marthe, aliyekuwa akilala kwa Solange siku hizo chache, alikuwa ameketi kwenye ngazi, akisoma tangazo kwa mara ya pili, kidole kikifuata maneno.

* * *

Walioitwa kuulizwa maswali walikuwa tisa. Ketsia na Marthe walikuwamo. Walilala mapema, wakafika kabla ya mlango kufunguliwa.

Papa Eugène alimuuliza Ketsia, "Kipimo cha kloro kikigeuka rangi ambayo hujawahi kuiona, utafanya nini?"

Ulimi wake ulitaka kutunga jibu la kishule. Akaumeza ule utunzi.

"Sijui maana ya rangi hiyo," akasema. "Nitafunga bomba, nitawaambia watu wachemshe maji, na nitakimbia kumuuliza anayejua."

Papa Eugène aliandika kitu kwenye karatasi yake.

Jumatano karatasi ilibandikwa mlangoni. Watu walisukumana. Ketsia alipenya, akasoma kutoka juu.

Wa kwanza, Marthe wa Lubondja. Wa pili, Jacques wa Mboko. Wa tatu, Ketsia wa Baraka.

Kando ya jina lake paliandikwa: "Ataanza na kundi lijalo, mwezi wa kwanza."

Nyuma yake Marthe alipiga kigelegele. Baadaye Solange alimweleza Ketsia kwamba Marthe, baada ya shule kufungwa, alikuwa amechimba vyoo kumi na viwili kijijini kwao pamoja na wamama wa huko, na aliviandika kimoja kimoja, jina la mwenye nyumba na mwezi. Ketsia alisikia, akakubali kwamba ilikuwa haki. Lakini haki haikuzima moto kifuani. Alihesabu vidole vyake. Kama Marthe angeendelea kuamini kwamba Solange alihamia Mboko, kama angerudi kwao siku ile, Ketsia angekuwa wa pili. Angeanza Jumatatu. Sasa ilibaki miezi sita mingine ya ndagala.

"Umepita, mwanangu," Mama Immaculée akamwambia. "Miezi sita si kitu. Barua yako imekupa jina."

"Ndiyo, mama."

"Na yule binti? Solange anasema hawezi kumweka tena, kwake wamejaa, watu tisa chumba kimoja."

Ketsia akatoka kwenda kugeuza ndagala.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, mgeni akasimama tena mbele ya uwanja, palepale. Safari hii viatu vilikuwa miguuni na furushi lilikuwa kichwani.

"Hodi hapa."

Ketsia alikuwa kwenye chanja. Alimwona Marthe akishikilia furushi kwa mikono miwili.

"Dada Ketsia, mi najua namna mambo ilipita. Kama hakuna nafasi, nitaelewa. Nitauliza kwa bamasista."

Ilikuwa rahisi kusema hakuna nafasi. Hakuna ambaye angemlaumu. Akimpokea, kila asubuhi, kwa miezi sita, angeamka karibu na gilè ya bluu ikining'inia kwenye msumari wake, na ingekuwa ya mtu mwingine.

Ketsia akapangusa mikono kwenye kitenge. Akaja mpaka kwa mgeni.

"Siku ile nilikudanganya mara mbili," akasema. "Solange hakuwa amehama. Na kitanda changu si kipana, ni chembamba sana. Lakini nilisema utalala kwetu. Hiyo haikuwa uongo."

Akamtua furushi kichwani. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani.

"Wewe utalala upande wa ukuta," akasema. "Mimi ndiye ninayeamka mapema, kwa ajili ya ndagala."

Akatangulia kuingia ndani na furushi lile, Marthe akimfuata.