Ethanoli ya Jikoni kwenye Tangi la Hiribae

Kila siku Hiribae alifunga safari mbili kwa pikipiki yake. Asubuhi alibeba maziwa ya akina mama wa malishoni hadi Garsen. Jioni, ng'ombe wakishakamwa, alibeba tena, kwa sababu maziwa ya jioni hayalali. Yakilala, yanachacha. Petroli ilimmaliza.

Siku moja, dukani kwa Enos, akaona ethanoli, ile spiriti ya miwa ya kupikia. Bei yake ilikuwa chini kuliko petroli.

"Inawaka vizuri?" akauliza.

"Jikoni? Vizuri sana."

Hiribae akawaza: kama inawaka jikoni, injini itaikataaje? Akanunua dumu zima. Akachukua mtungi wa maziwa, akausuuza kwa maji mara tatu. Ndiyo desturi ya watu wa maziwa, mtungi hautiwi kitu bila kusuuzwa. Akachanganya humo petroli nusu na ethanoli nusu, akajaza tangi. Akajiona mjanja kweli kweli.

Kesho yake, karibu na Minjila, pikipiki ikakohoa, ikazima. Akapiga kiki mpaka mguu ukafa ganzi. Jua likapanda. Alipofika Garsen akiikokota, maziwa yote yalikuwa yamechacha.

Shangazi yake Sabdio, kiongozi wa akina mama hao, hakumficha.

"Hiribae, wewe ni damu yangu. Lakini maziwa haya ndiyo karo ya watoto wetu. Yakichacha tena, tutatafuta pikipiki nyingine."

Maneno hayo yalimchoma. Kazi nyingine hakuwa nayo.

"Hayatachacha tena, shangazi," akasema. "Kuuliza si ujinga. Nakwenda kwa fundi."

Fundi alikuwa Kadii, mwanamke asiye na maneno mengi. Alimsikiliza Hiribae akieleza alivyochanganya mafuta kwenye mtungi wa maziwa. Alichomoa mpira wa mafuta, akakinga chupa ya kioo. Wakangoja. Lo! Mafuta yakajigawa, mengine juu, mengine chini.

"Juu ni petroli," Kadii akasema. "Chini ni ethanoli na maji. Huo mtungi uliusuuza?"

"Mara tatu!"

Kadii akaangua kicheko. "Basi usafi wako ndio uliokuponza! Ethanoli inapenda maji. Ikiyapata, inaachana na petroli, inazama pamoja na maji. Na injini inanyonya kutoka chini. Tena hii ya jiko ina maji yake tangu dukani."

Hiribae hakukubali upesi. "Kwani hakuna magari ya ethanoli?"

"Yapo, kaka. Kuna nchi zinalima miwa mingi, na injini zao zimetengenezwa kuipokea. Huko ethanoli ya kuchanganya na petroli inakaushwa kwanza kiwandani. Injini yako haikutengenezwa hivyo. Mipira yake itaharibika. Halafu nguvu ya ethanoli ni ndogo. Lita tatu za ethanoli zinakufikisha pale ambapo petroli ingekufikisha kwa lita mbili. Usiangalie bei ya lita tu. Angalia inakufikisha wapi."

"Kumbe rahisi ghali! Na ile iliyobaki nyumbani niimwage?"

"Uimwage ya nini? Si ni ya jikoni? Ipeleke jikoni."

Hiribae akaruka kama aliyeumwa na siafu. Alikwenda moja kwa moja kwa Enos, akaazima jiko la ethanoli, akampelekea Sabdio pamoja na ethanoli iliyobaki.

"Shangazi, maziwa ya jioni tuyachemshe, tuyapoze, yalale."

"Wee! Hoteli za Garsen hazitaki maziwa yanayonuka moshi wa kuni."

"Hili halina moshi. Ila usiongeze ethanoli jiko likiwaka. Lizime, lipoe kwanza."

Sabdio alimtazama kwa mashaka, lakini alichemsha. Akaweka sufuria ndani ya beseni la maji baridi, akaifunika vizuri.

Asubuhi akina mama wote walikusanyika. Sabdio akafunua, akanusa, akaonja.

"Mazuri," akasema. "Hayajachacha!"

Tangu siku hiyo Hiribae hutia petroli peke yake, kutoka kwenye dumu kavu lisilowahi kuguswa na maji. Maziwa ya jioni na ya asubuhi huondoka pamoja. Safari mbili zimekuwa moja, na petroli yake imepungua nusu.

Wiki iliyofuata kijana mmoja alikuja malishoni na pikipiki mpya. Alisikia kuna kazi.

"Pole, mwanangu," Sabdio akamwambia, huku akifunga mitungi kwa mikono yake mwenyewe. "Sisi tunaye wetu."